Udi kwa Daktari wa Ng'ombe

Mimi ni muuza udi. Babangu aliuza udi, na babu yangu, aliyeletwa na babake kutoka Hadhramaut angali mtoto, aliuza udi na ubani kwenye chumba hichi hichi cha chini, hapa Mji wa Kale, kwenye uchochoro ambao ukikohoa jirani wa mbele hukuombea afya. Pua yangu ndiyo riziki yangu. Nifunge macho, nipe kipande nikinuse, nitakwambia kama ni udi wa kweli au umeuziwa kuni. Sasa mtu mwenye pua kama hii, wallahi, Mungu akampa mke daktari wa ng'ombe.

Marafiki wakinicheka huwaambia chekeni tu, mimi ndiye niliyemtaka. Nilimuona mtaa wa Tudor, mlangoni kwenye nyumba ya harusi nilikokwenda kupeleka udi, amevaa dera la kijani na kikuba cha asumini. Nikauliza ni nani, nikaambiwa ni daktari. Hakuna aliyeniambia ni daktari wa nini. Nilikuja kumuuliza mwenyewe baada ya posa, naye akanijibu bila kupepesa macho.

"Wa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Na punda, akiwepo. Unarudi nyuma?"

Nikasema sirudi. Na sijajuta hata siku moja, ingawa pua yangu imejuta mara nyingi.

Kazi yake iko huko juu, pande za Kinango, kwa wafugaji. Huondoka Jumatatu alfajiri, hurudi Ijumaa jioni. Akirudi, gambuti zake huachwa chini ya ngazi, ovaroli huenda ndooni moja kwa moja, na mamangu, ambaye tunakaa naye, huwa keshasimama juu ya ngazi na chetezo mkononi, moshi unafuka. "Karibu mwanangu," humwambia, "lakini hebu simama papo hapo kwanza." Mke wangu husimama huku anacheka, hufukizwa mbele na nyuma mpaka akapiga chafya, ndipo akaruhusiwa kuketi na kutengewa mahamri na mbaazi.

Hayo ya harufu tulikuwa tukiyacheka. Lililokuwa halinichekeshi ni zile siku za katikati. Nikimpigia simu, ama hakuna mtandao, ama naambiwa, "Niko na ng'ombe, nitakupigia," na hapigi. Nilikuwa na wivu na ng'ombe, mtu mzima na ndevu zangu. Nasema kweli, sioni haya.

Basi ikaja habari kwamba amechaguliwa kutunzwa. Ilikuwa sherehe ya madaktari wa mifugo wanaotumika mashambani, na yeye ni mmoja wa waliofanya vizuri kupita wenzao. Alituambia tukiwa tunakula. Mamangu akaweka kijiko chini.

"Mcheza kwao hutunzwa!" akasema, macho yanamng'ara. Halafu, kwa kuwa mamangu akikusifu lazima akushushe kidogo, akaongeza, "Lakini na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Usije ukaanza kujiona."

"Mama, mtu anayeshinda na mkono ndani ya ng'ombe mpaka begani, atajionaje?"

"Astaghfirullah! Na sisi tunakula!"

Habari hiyo ilikuja na mkia. Mkubwa wake wa kazi alitaka kumhamishia ofisini, hapa hapa kisiwani: meza, feni, na kila siku jioni yuko kwake. Jibu alitaka alipate siku ya sherehe, ili alitangaze mbele ya watu. Moyo wangu uliruka. Kesho yake asubuhi mteja wa kwanza aliyeingia dukani nilimzidishia udi mpaka akaniangalia vibaya, akadhani namwekea mbovu.

Mke wangu yeye, pale tulipokuwa tukila, alikuwa anakoroga chai tu, sukari ilishayeyuka zamani. "Wewe wataka?" akaniuliza.

"Mimi? Nataka mno! Nataka kukuona kila siku. Nimechoka kula na mamangu."

"Nakusikia!" mamangu akapaza sauti kutoka jikoni.

Mke wangu akacheka. "Nitamjibu siku hiyo," akasema, na hakulitaja tena jambo hilo.

Siku yenyewe ilipofika niliufungua ule udi nisiouza, ninaouweka kwa harusi za nyumbani. Nikalifukiza buibui lake, nikafukiza mtandio, nikamfukiza nywele. Mamangu akaja na marashi ya mawaridi, akamnyunyizia mabegani, kisha akamnyunyizia tena kwa kuwa kichupa kilikuwa kinakaribia kwisha na hapendi kubakisha. "Jamani, basi!" mke wangu akalalama ndani ya moshi. Tulipoingia kwenye tuktuk, dereva alivuta pumzi, akageuka. "Tunampeleka bi harusi wapi?"

Tulikuwa tukienda Ganjoni, kwenye uwanja wa shule. Mahema yalikuwa yameshasimamishwa, viti vimepangwa, wakubwa wamekaa mbele na maji yao ya chupa. Nyuma ya mahema palikuwa na lori, na wafugaji waliokuja nalo, na mbuzi, na ng'ombe. Mimi nikasimama mbali. Hata mbuzi wa Idi huwa namkabidhi mtu mwengine kamba.

Mama mmoja mfugaji, kajifunga leso kiunoni, akanijia mbio kunipa mkono. "Shemeji! Leo tumekuona! Sisi tulidhani Daktari atudanganya, hana mume." Nikacheka naye, lakini neno lile lilinichoma kidogo. Tangu tuoane sikuwa nimefika huko Kinango hata mara moja.

Huyo mama alikuwa amekuja na ng'ombe wake mwekundu. Kila daktari atakayetunzwa, ilipangwa asimame mbele ya watu na mnyama aliyemtibu. Mama yule akatusimulia, mimi na mamangu. Ndama alikwama tumboni, mvua imeukata mto, na Daktari akavuka kwa miguu, maji kiunoni, mfuko wa dawa kichwani. Akaokoka ng'ombe, akaokoka na ndama; baadaye akarudi kumpasua jipu la shingo.

"Lakini shukrani hana," mama akasema, anamtazama ng'ombe wake kwa hasira za mapenzi. "Tangu siku ile, akiisikia tu harufu ya Daktari, zile dawa zake, basi aruka ua. Juzi alinikokota mimi na kamba mpaka mibani. Nilimwambia bwanangu, huyu tusiende naye. Akasema huyu ndiye."

Mke wangu alisikia, akauma mdomo. "Leo atatupindulia meza ya wakubwa," akaninong'oneza. Kisha akaenda pembeni, nikamuona akisema maneno machache na mkubwa wake. Mkubwa akatabasamu na kutikisa kichwa kukubali. Nilidhani wanazungumza mambo ya ratiba.

Zamu yake ikafika. Akamwendea yule ng'ombe polepole, na buibui lake, na viatu vyake vya Idi. Wakubwa wawili wakavuta viti vyao nyuma. Mama mfugaji akajizungushia kamba mkononi, akakanyaga chini kwa nguvu, tayari kukokotwa. Ng'ombe akainua kichwa, masikio mbele. Akanusa. Akanusa tena. Mamangu alikuwa amenishika mkono ananifinya.

Ng'ombe akapiga hatua mbele, akatia pua kwenye mkono wa buibui, akavuta pumzi ndefu, kama mteja wangu anayejua udi. Halafu akatoa ulimi, akaanza kumlamba.

"Hajamjua!" mama mfugaji akapiga ukelele. "Ai, hajamjua! Daktari leo anukia harusi!"

Uwanja mzima ulicheka. Mgeni wa heshima alivua miwani akafuta macho. Mimi, mchana kweupe, nilijisikia ndiye niliyetunzwa.

Lakini mke wangu hakuwa na habari na kicheko cha watu. Alikuwa ameshapandisha mkono wa buibui, anapapasa. Akamshika chini ya taya, akamfunua kope, akateremka na shingo, akainama ubavuni, sikio kalibandika. "Lile jipu la shingo limekwisha!" akamwambia mwenye ng'ombe kwa sauti, kama kwamba hakuna wakubwa, hakuna kipaza sauti. "Mara ya kwanza namshika hivi bila ya vita!"

"Mpime basi, kabla hajashtuka!"

Naye akampima, huku anacheka, mtandio umemwanguka, mate ya ng'ombe yamemjaa kwenye buibui la udi wangu wa thamani. Nimemuona mke wangu siku ya harusi yetu, nimemuona siku za Idi, nimemuona akicheza na wenzake mpaka jasho. Furaha ile sikuwa nimeiona. Nikaifikiria ile meza na ile feni niliyoitamani, nikamuona amekaa hapo anatia sahihi makaratasi, hacheki.

Miguu ikanipeleka yenyewe. Nikapita katikati ya watu na kanzu yangu nyeupe mpaka nikasimama karibu na yule mnyama kuliko nilivyowahi kusimama karibu na mnyama yeyote.

"Usikubali," nikamwambia.

"Nini?"

"Ofisi. Usikubali, tafadhali."

Akaniangalia, kicheko kikamtoka usoni. "Nishakubali. Sasa hivi, kabla sijaja hapa. Ni kwa ajili yako, yakhe. Wewe si ulitaka?"

Nyuma yake mkubwa wake alikuwa ameshaanza safari ya kwenda kwenye kipaza sauti, anarekebisha tai.

"Nilitaka. Sitaki tena. Kimbia!"

"Shika hii," akasema, na kwa kuwa mwenye ng'ombe alikuwa hoi kwa kicheko, aliichukua kamba akanitia mimi mkononi. Akalikusanya buibui, akatimua mbio. Nikabaki na ng'ombe.

"Mabibi na mabwana," mkubwa alikuwa akisema, "pamoja na tuzo hii, nina furaha kubwa kuwatangazia kwamba daktari wetu…" Hapo mke wangu akamfikia, anahema, akamwambia neno sikioni. Mkubwa akamtazama yeye, akawatazama wale wafugaji karibu na lori, akanitazama na mimi, nimeshika kamba kwa mikono miwili, macho yamenitoka, ng'ombe ananilamba kofia. Alikuwa mtu wa maana yule. Akarudi kwenye kipaza sauti. "…kwamba daktari wetu, Jumatatu, atakuwa Kinango kama kawaida!"

Vigelegele vilivyopigwa nyuma ya mahema sijavisikia harusini. Mamangu alisimama kitini. "Na mwanangu nile naye mie peke yangu mpaka lini?" akauliza, kisha akapiga kigelegele chake, kirefu kuliko vyote, mpaka akashika kifua.

Nyumbani usiku ule mke wangu aliliroweka buibui lake ndooni. "Una hakika?" akaniuliza. Nikamwambia sina hakika, nina huzuni, na nina furaha, na nataka mwezi ujao anichukue nikapaone huko kwake Kinango. Akalia kidogo, akacheka, akaniambia nitafute gambuti.

Jumatatu alfajiri akaondoka. Upande wake wa kitanda ulikuwa bado una joto, na mimi nikalala nimeweka mkono pale. Nilimkosa kama ninavyomkosa kila Jumatatu, hilo halikupungua. Ila zamani nikifumba macho sikuwa naona kitu. Asubuhi ile nilifumba macho nikamuona, kainama ubavuni mwa ng'ombe, sikio kalibandika, anacheka.