Nyuki wa Upande wa Kushoto

Tima binti Salmin alikuwa mshona kofia, mkaazi wa Shela, Malindi. Viua vyake, vile vitundu vya nakshi ya kofia, vilikuwa vidogo na vimelingana, hata watu wa Lamu wakimwagizia. Mwaka wa 1986 alikuwa ameshapita arubaini, hana mume wala mtoto, na ana hofu moja ambayo hakupata kumwambia mtu: marehemu mamake, Bi Mwanabibi, alimaliza umri wake akipapasa kuta, kipofu kabisa.

Mwaka huo mdogo wake Hamad alirudi kutoka Abu Dhabi na kompyuta, kibao tu cha vitufe kilichounganishwa na televisheni. Alikuja pia na mchezo aliotunga mwenyewe, umerekodiwa kwenye kaseti. Kaseti ikishalia mlio wake mkali, kijitu hutokea katikati ya kioo cha televisheni, na nyuki hukijia, mara kulia, mara kushoto. Kitufe kimoja cha kuwapiga wa kulia, kimoja wa kushoto. Basi.

Alasiri moja, baada ya chai nyumbani kwa Hamad, wote walicheza. Zamu ya Tima ilipofika, kijitu kikafa. Kikafa tena.

"Kushoto, dada!" Hamad alipiga kelele. "Huyo anakuja kushoto!"

"Yuko wapi?"

"Si huyo hapo, wifi!" Zeina, mkewe Hamad, akacheka. "Wangoja akuume wewe?"

Tima akacheka nao. Lakini nyuki yule hakumuona. Si kwamba alichelewa kumpiga. Hakuwapo, kisha akawa ameshafika.

Asubuhi yake alirudi, akijidai amekuja kuazima ungo, akamwomba Zeina amwashie mchezo. Zeina alipoingia jikoni, Tima akaziba jicho la kushoto kwa kiganja. Nyuki wa kulia aliwaona, wa kushoto hakuwaona. Akaziba la kulia. Hapo alikiona kijitu peke yake, kama anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Pembeni hapakuwa na kiza wala ukungu. Hapakuwa na kitu.

Sasa alielewa kwa nini bega lake la kushoto lilijigonga mlangoni kila mara, na kwa nini jirani yake Shekha amemnunia: Shekha alimpungia mkono njiani, upande wa kushoto, na Tima akapita kimya.

Hakumwambia mtu. Aliogopa kwamba akilitamka, litakuwa kweli. Lakini kila siku alikwenda kucheza. Siku nyingine alipiga kushoto kwa kubahatisha, nyuki akafa, naye akamhimidi Mungu, huku akijua anajidanganya.

Hamad alidhani dadake ana mikono mizito. Akaupunguza mwendo wa nyuki mpaka wakawa wanatambaa. Kijitu kikafa vilevile. Hamad aliacha kucheka. Akasimama nyuma yake, akanyoosha mkono upande wa kushoto wa uso wa Tima.

"Dada, vidole vingapi?"

"Vidole gani?"

Hamad akakaa sakafuni. "Kama mama," alisema.

"Nyamaza! Usilitaje!"

Walikwenda hospitali Kilifi, nako wakaelekezwa kwa daktari wa macho Mombasa.

"Ni presha ya macho," daktari alimwambia. "Kilichopotea hakirudi, bibi. Kilichobaki tutakilinda kwa dawa ya matone, maisha yako yote. Una ndugu? Ugonjwa huu hufuata damu."

Tima alitoka nje alikokuwa Hamad, akampa habari.

"Macho yangu mazima," Hamad alijibu upesi.

"Waogopa."

"Siogopi."

"Mbona tangu siku ile ya vidole hujaugusa mchezo wako? Mimi naogopa, Hamad. Naogopa tangu siku mama alipomimina chai nje ya kikombe. Naogopa hapa niliposimama. Ingia."

Akamshika mkono akamwingiza mwenyewe, kisha akabaki mlangoni, akisoma kila dua aliyofunzwa utotoni katika chuo cha Kurani.

Hamad alitoka. Macho yake yalikuwa mazima. Tima, ambaye hakulia kwa ajili yake mwenyewe, alilia mpaka muuguzi akamletea maji.

Aliendelea kushona, kofia chache kuliko zamani, kiti chake kimesogezwa dirishani. Matone hakuyakosa. Na kila alfajiri, adhana ikishaisha, alibaki kitambo amelala, akikawia kufumbua macho.