Chupa Moja kwa Kila Nyumba Kumi

Likizo ya mwaka wa pili chuo kikuu nilirudi nyumbani na maneno mengi kuliko nguo. Kule Dar es Salaam tulibishana mpaka chakula kikapoa: matibabu ya Waingereza, ambako kodi ya wote humlipia kila mgonjwa, ya Wacuba, waliopeleka madaktari mashambani, ya jirani zetu wa Kenya, ambako mwenye hela ndiye anayetibiwa kwanza. Nilikuwa na swali kwa kila jibu. Nilizitilia shaka hata hotuba nilizokuwa nazipigia makofi.

Kijijini kwetu, karibu na Murangi, watu walikuwa wameshahamishiwa kwenye mistari ya nyumba kando ya barabara, na zahanati ilikuwa imeezekwa bati jipya. Siku chache baada ya mimi kufika, boksi la dawa likaletwa. Asubuhi ile foleni ilishinda ile ya sukari kwenye duka la ushirika. Wazima walijipanga pamoja na wagonjwa, maana boksi lililotangulia liliisha haraka, na waliochelewa kuumwa hawakupata kitu.

Mwenyekiti aliitisha mkutano palepale uwanjani.

"Sukari tunagawana," alisema baba mmoja. "Mbegu za pamba tunagawana. Kwa nini dawa zikuwage za wale wanaokaa karibu na zahanati?"

Mganga msaidizi, kijana mpole ambaye sote tulimwita daktari, alijaribu kueleza. "Ndugu zangu, ugonjwa haupangi zamu. Hizi sindano za penisilini, mtu mmoja anaweza kuhitaji nyingi."

"Daktari anataka kubaki na ufunguo wa kabati!" mtu akapiga kelele nyuma, watu wakacheka.

Ndipo waliponigeukia mimi, msomi wao. Ningeweza kusema sijui. Badala yake nilisimama nikazungumza juu ya Uingereza, nikasema mali ya umma isikae chini ya mkono wa mtu mmoja. Sikuwaambia kwamba huko Uingereza hakuna anayebeba fungu lake la dawa kwenda kulificha kwenye kibuyu, kwa sababu sikuwa nimefikiri mpaka hapo. Azimio nililiandika kwa mkono wangu: vidonge vigawanywe sawa kwa kila kaya, chupa za penisilini, ambazo hazikutosha kaya zote, apewe moja moja kila balozi wa nyumba kumi, aitunze kwa niaba ya watu wake. Mama yangu alipiga kigelegele.

Wiki ya pili mama alinyeshewa kwenye shamba la kijiji, akaanza kulalamikia kichomi. Mganga aliweka sikio mgongoni kwake, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Chupa moja kila siku, siku tano mfululizo," aliniambia. "Tusikatize."

Kisha akanihesabia kwa vidole mabalozi wa kuwaendea. Afadhali angenitukana.

Balozi wetu alitoa yake siku hiyohiyo. Wa mstari wa pili alitoa, na wa tatu akanikabidhi yake ikiwa imefungwa kwenye kanga. "Chukua, mura, kijana wangu. Leo ni mama yako, kesho ni mimi." Baada ya sindano ya tatu mama aliomba uji, akauliza kama kuku wamefungiwa. Nilianza kuamini kwamba huenda kijiji chetu kilikuwa na akili kuliko vitabu.

Balozi wa nne hakuwa nayo. Nyumba zake kumi zilikuwa zimekaa na kukubaliana kwa sauti moja, kisha bwana mifugo akamdunga maksai wao aliyevimba mguu. "Huyo ng'ombe anatulimia sisi wote," alinieleza, tena kwa upole. Maksai mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba, anakula majani, mguu umepona.

Balozi wa tano alikuwa mzee wa kanisa, amemaliza tu kukoroga udongo wa kukandika ukuta. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Chupa ipo, mwanangu. Lakini si yangu. Subiri Jumapili, tukitoka ibadani tukae na wenzangu."

"Mzee, mama hawezi kusubiri Jumapili."

"Na hapa kuna mtoto anakohoa tangu juzi. Nikikupa, halafu huyu akazidiwa, nitamwambia nini mama yake? Wewe ndiye uliyetusomea, tukakubali."

Hakuwa ananisuta. Nilitafuta kosa katika maneno yake, mimi niliyezoea kuyapata makosa popote, nikarudi mikono mitupu. Kwa mabalozi waliobaki, chupa zilikuwa zimeshatumika.

Siku ya nne ilipita bila sindano. Siku ya tano homa ilirudi na nguvu mpya, na tukampandisha mama kwenye lori la pamba kwenda Musoma, amelala juu ya marobota, mimi nimemshika kichwa kisigonge.

Hospitali ya mjini ilikuwa na penisilini ya kutosha. Walimchoma asubuhi na jioni, lakini pafu lilikuwa limeshajaa usaha, na usaha haukusikia tena dawa. Aliishi siku nne. Mimi nilikuwa nikilala kwa ndugu zetu mtaa wa Nyakato, palepale mjini, na kurudi wodini kila kunapopambazuka.

Siku ya tatu hapo hospitalini, daktari wa wodi, aliyesomea ng'ambo, aliniuliza kando ya kitanda cha mama kwa nini dozi ilikatizwa. Nikamweleza. Akasema kule aliposoma jambo kama hilo lisingetokea, dawa inaamuliwa na daktari. Nikamjibu kwamba kule hawana kijiji kinachopata boksi moja. Akasema tatizo si boksi, ni siasa kuingia kabatini. Nikasema bila siasa hiyo hata zahanati isingekuwepo. Sauti zetu zilikuwa zimepanda. Nadhani sote wawili tulikuwa tunasema kweli, na nadhani sote wawili tuliona raha kidogo kuwa na kitu cha kubishania.

Muuguzi alipita katikati yetu na beseni.

"Nyie wasomi," alisema, "huyu mama amelalia upande mmoja tangu alfajiri. Mshikeni mumgeuze."

Daktari alishika mabega, mimi nikashika miguu. Mama alifumbua macho, akanitazama, akatuambia asante sote wawili.