Siku Niliyoiogesha Saksafoni ya Sefu

Niseme kabisa: saksafoni ya marehemu kaka yangu niliiogesha mimi. Kwa sabuni ya unga, kwenye beseni, nikaisuuza mara mbili na kuianika juani kando ya kanzu zake. Arobaini ilikuwa inakaribia, mama anafua nguo za Sefu zigawiwe sadaka, na hakuna aliyeniambia kuwa kuna mali ya marehemu isiyofuliwa.

Tena nilijiona mtaalamu. Kazini kwa Sefu niliingia nikiwa darasa la saba, siku bendi yao ya jazi ilipopiga harusini Mlingotini. Cheo changu: mtunza mwanzi. Mwanzi ni kile kibanzi chembamba kinachofungwa kwenye mdomo wa saksafoni. Kikikauka hakitetemeki, sauti haitoki. Basi nilikaa nao kinywani, nikiulowesha, mpaka Sefu auhitaji. Bibi harusi akachelewa, nami nikafumba mdomo saa nzima. Mama mmoja akanikazia macho.

"Mtoto huyu hana adabu, hata shikamoo hatoi."

"Msamehe, mama," Sefu akasema. "Yuko kazini."

Kwa uzoefu huo nikapiga hesabu: kama kibanzi kinapenda mate, mwili mzima utapenda maji.

Jioni nikaipuliza. Ikatoka pumzi tupu, kama mtu anayepoza uji. Nikairudisha kwenye sanduku lake. Mama alikuwa ameshakubali kiongozi wa bendi aje Ijumaa kuiazima, maana bendi haikuwa na nyingine. Siku mbili niliomba dua pikipiki ya kiongozi ipate pancha, kisha nikaomba toba kwa dua hiyo.

Ijumaa baada ya swala akafika, tairi zote nzima. Mama akaketi mkekani. Kiongozi akafungua sanduku, akapuliza. Kimya. Akapuliza tena, kisha akainua vifuniko kimoja kimoja. Chini ya kila kifuniko kuna kipande cha ngozi cha kuziba tundu, na vyote vilikuwa vimevimba kama maandazi.

"Nani kaitia maji?"

"Mimi. Shikamoo."

"Ulishaniamkia mlangoni. Sefu hakukwambia hii hufutwa kwa kitambaa tu?"

"Aliniambia kazi yangu ni mwanzi."

Akataka kucheka, akaishia kufuta macho. "Ngozi hubadilishwa. Kuna fundi wake Dar. Itapiga."

Nikadhani nimepona. Nimestaafu kazi ya mwanzi sasa, niko kidato cha tatu, na wadogo zangu mkiniuliza nimejifunza nini, nitasema: fundi akisema kitu kinatengenezeka, mtazameni kwanza mwenye kitu. Mimi nilichelewa kumtazama mama. Alikuwa ameipokea saksafoni, ameipakata, pua yake ipo kwenye mdomo wa ile saksafoni, pale alipokuwa akiweka midomo Sefu. Akavuta pumzi polepole. Akavuta tena. Kiongozi akainamisha kichwa, nami nikasubiri kofi, nikilitamani.

Halikuja. Mama alisema, "Nguo zake nimezifua mwenyewe, nikasema si neno, harufu yake ninayo humu. Haya. Mletee mgeni chai."