Kamera ya Kumsubiri Ojara

Enzi zetu picha ilikuwa ya kuogewa. Wenzangu mliokulia kambi ya askari ya Mbuya, kwenye zile nyumba za mabati za duara zilizotupika mchana na kutugandisha alfajiri, mnanielewa. Jumapili baada ya mshahara mpiga picha alikuja na baiskeli yake, kamera inaning'inia kifuani, na kabla hajashuka vizuri watoto wote tulikuwa tumeshakamatwa, tumesuguliwa magoti kwa jiwe, tumepakwa mafuta mpaka nzi wanateleza. Viatu vya maana nyumbani kwetu vilikuwa jozi moja tu. Nilivaa mimi kwanza, nikapigwa picha, nikavua, akavaa mdogo wangu Ojara. Vilimpwaya, mama akavijaza magazeti.

Na tulivyosimama sasa! Mtoto wa askari akiona kamera anadhani ni gwaride. Mguu sawa, mikono imebana mapajani, shingo imekakamaa. Mpiga picha anajaribu kutuchekesha, baba anafoka kutoka mlangoni, "Tulia wewe! Filamu ni pesa!" Basi tukatoka tumenuna kama watu wanaosubiri viboko. Ojara peke yake ndiye alishindwa kutulia. Kila mara alicheka dakika ya mwisho, na kila mara uso wake ukatoka na ukungu, macho mawili na meno.

Baada ya hapo ilikuwa kungoja. Wiki mbili, pengine tatu, mpaka filamu iishe na picha zisafishwe mjini. Zikifika, mama anazipanga kwenye albamu ya kurasa za kunata. Mgeni akija, hata kabla ya chai, anawekewa ile albamu mapajani, na mama anakaa pembeni yake anamweleza: huyu ni fulani, huyu alikuwa na surua, huyu alikuwa amelia. Mgeni asiyepewa albamu alijua hapo hajakaribishwa.

Haya, njoo kwa watoto wa leo. Binti yangu Aber hawezi kula chapati bila kuipiga picha. Chakula kinapoa, yeye anatafuta mwanga! Siku moja nikamwambia, hebu nionyeshe picha ya bibi yako. Akapekua simu mpaka kidole kikachoka. Zote ni za kwake mwenyewe, midomo mbele kama bata. Nikacheka, lakini cheko langu halikufika mbali, kwa sababu ya yaliyotupata kwa Ojara.

Ojara alipokua ndiye aliyekuwa mpiga picha wetu. Alikuwa mlinzi wa usiku huko Kansanga, na simu yake ilibeba ukoo mzima: Krismasi, ubatizo, mama akichambua mboga, yeye mwenyewe amemkumbatia mama shingoni. "Kaka, zote ziko humu," aliniambia akijipiga mfukoni. Mwaka jana homa ilimchukua, haikuchukua hata wiki. Alikufa na namba ya siri ya simu kichwani mwake. Nimeizungusha simu hiyo kwa mafundi wote ninaowajua. Wanasema kitu kimoja: tutaifungua, mzee, lakini yote yaliyomo yatafutika. Nimeiweka kabatini. Nikiichaji inawaka, inaniomba namba, ninaizima.

Basi siku ya mazishi tukakosa picha ya kuweka juu ya jeneza. Zile za albamu ni za mtoto, tena zina ukungu. Tukachukua ile ya kitambulisho chake, tukaenda kuikuza. Ilirudi na uso mpana wa kijivu, umevimba, hauna Ojara hata kidogo. Mama aliletwa mbele kumuaga mwanawe. Jeneza lilikuwa limeshafungwa kabla hajamwona. Akaitazama picha, akanigeukia.

"Huyu ni nani?"

"Ni Ojara, mama."

"Hapana. Huyu mimi sijui. Mwenye huyu amtafute."

Tulidhani ni uchungu, utapita. Haukupita. Tangu siku ile mama yangu hajamlilia Ojara hata mara moja. Anasema tulizika mtoto wa watu. Anaishi nami hapa Kisugu, akili yake ni nzima kwa kila jambo, anajua bei ya mkaa kunishinda, ila jioni anatenga sahani na kuifunika. Nimemletea padri, nimemletea dada yake kutoka Gulu. Wapi! Mimi nimezika ndugu yangu, na sina wa kulia naye.

Mwezi uliopita akaniambia anataka kamera. "Ojara akirudi nitampiga picha mimi mwenyewe, na mkono wangu. Ndiyo watu wasiniletee tena sura ya mtu mwingine." Nikampa simu yangu ajaribu. Kidole chake ni kigumu kwa jembe na moto, kioo hakikumsikia. Akanirudishia. "Nataka ile ya kuchungulia."

Nikaenda Kansanga. Muuza kamera alikuwa kijana Mkenya, mcheshi. "Mzee wangu, kwani simu yako haina kamera?" Akanionyesha moja inayong'aa, vitufe vingi kuliko redio ya kambini. Nikakataa. Nilitaka kitufe kimoja kikubwa, cha kubonya mtu akasikia amebonya. Nilitaka itumie betri za tochi, maana umeme wetu mnaujua. Nilitaka kadi ya kuchomoa nikachapishe karatasi, si mambo ya kutuma hewani. Na tundu la kuchungulia. "Hizo za tundu ziliisha, mzee, siku hizi unaangalia kioo," akasema, lakini akainama chini ya meza na kuibuka na moja ya mtumba, nzito, rangi imechubuka. Akazungusha gurudumu juu yake hadi kwenye alama ya kijani. "Acha hapa, usiguse tena. Itajipangia yenyewe. Mama anataka kupiga nani?"

"Wanawe," nikasema. Mtu mzima na mvi zangu, ninachagua kamera ya kumpigia marehemu! Nikailenga barabarani kuijaribu ili kijana asione macho yangu.

Jumapili mama alivaa kitenge chake kizuri. Akanisimamisha ukutani. Aber akaweka simu chini, akaja ubavuni kwangu. Mama akafumba jicho moja, akachungulia.

"Aber, toka hapo. Hapo ni mahali pa baba yako mdogo."

Aber akaniangalia. Nikataka kusema, mama, basi, imetosha. Badala yake nikamwashiria mtoto, akasogea upande wa pili. Pakabaki nafasi, na ukuta.

Mama hakubonya. Aliishikilia kamera usoni, kidole juu ya kitufe, mikono haitetemeki. "Tumngoje kidogo," akasema. "Yuko njiani."

Tukangoja. Enzi zetu tulingoja picha, watu tulikuwa nao. Leo picha ziko tele, zimelala kabatini ndani ya simu, na mtu mwenyewe ndiye anayengojwa. Jua likatuchoma ukutani, jirani akapita, akasalimia, hakuitikiwa. Kisha kamera ikalia kidogo, mdomo wake wa lenzi ukarudi ndani. Zile za betri hujizima zikikaa bila kazi.

Mama akaitoa usoni, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikamwona ameogopa.

"Imekufa?"

Mlango wa kumwambia ukweli ulikuwa umefunguka, wenzangu. Neno moja tu, na pengine tungelia pamoja. Nikautazama ule uso wa mama yangu.

"Haijafa, mama," nikasema. Nikaiwasha, nikamrudishia mkononi, nikarudi kusimama palepale, nimemwachia Ojara nafasi yake.