Kila Mmoja na Jiko Lake

Usiku ule baridi ya Makambako ilinishinda. Niliingiza jiko la mkaa kwenye chumba cha gesti, nikaziba upenyo wa mlango kwa koti. Tito, dereva niliyezunguka naye nikiwa utingo wake, alikufa hivyohivyo, kwa jiko ndani ya chumba kilichofungwa. Nilijua. Nikajiambia makaa yenyewe ni kidogo tu.

Usingizi uliponichukua, nikamwona Tito ameshika usukani. Lori linapanda mlima, na pumzi yangu inatia ukungu kwenye kioo. Upande wake kioo ni kikavu.

"Profesa wa darasa la tano," akanitania kama zamani. "Leo huulizi kitu?"

"Moshi wetu unakwenda wapi, bosi?"

"Chungulia."

Nachungulia. Moshi unapanda, unagusa kitu, unarudi. Juu si mbingu tena, ni dari nyeusi kwa masizi. Barabara imekuwa sakafu, na watu wanaingia, kila mmoja na jiko lake. Wenye kiwanda wamebeba bomba lao la moshi mabegani kama jeneza. Waliochoma msitu wapande mahindi wanaburuta visiki vinavyowaka. Wanaweka chini taratibu, wakinong'ona, "Langu ni kidogo tu." Wa mwisho kuweka ni mimi.

Joto linapanda. Dari imeshuka, inakaribia nywele zangu.

"Tito, hii ndiyo hewa iliyokuua?"

"Iliyoniua mimi ina haraka. Hii, hewa ukaa, ni ndugu yake mpole. Inajikusanya tu, mwaka hadi mwaka, inashika joto."

"Mlango uko wapi?"

"Hapa hakuna mlango. Hapa ni kuzima tu, kawaambie." Akanigeukia, uso wake wa rangi ya majivu. "Lakini chumba chako kina mlango. Amka, mjinga wewe!"

Kofi lake lilikuwa baridi kama chuma.

Nikazinduka sakafuni, kichwa kinapasuka, miguu imegoma. Nikatambaa, nikavuta koti, nikafungua. Upepo ukaingia. Nililala kizingitini nikitapika mpaka kukapambazuka.

Uani, dereva wangu mpya alikuwa amewasha lori, linanguruma bure huku magunia ya viazi bado yako chini.

"Izime kwanza, bosi," nikamwambia. "Hatujapakia."

Akacheka. "Moshi kidogo tu huo, utingo, unakusumbua nini?"

Nilikuwa natazama juu, nione kama utagusa kitu.