Udongo wa Maji ya Kwanza

Mama Masika alikuwa na maji ya aina mbili nyumbani kwake: maji ya watu na maji ya Mungu. Maji ya watu yalifika kutoka ziwani katika bidoni za njano, yakapikiwa, yakaogewa, kisha yakaishia mferejini pamoja na povu na maganda ya viazi. Maji ya Mungu yalitoka katika bidoni zilezile. Lakini yakishapita juu ya vitambaa vya altare, hakuna aliyethubutu kuyamwaga ovyo. Binti yake Kanyere alijua tofauti hiyo kabla hajajua kusoma, na kwa miaka mingi aliamini kwamba kila nyumba mjini Goma ilikuwa na beseni moja jeupe, linalotundikwa juu ya msumari wake, lisiloguswa na mtu.

Mama alikuwa ameletwa Goma kutoka Butembo akiwa bibi arusi, na maisha yake yote aliuza maharagwe sokoni Virunga. Hata hivyo, ukimuuliza kazi yake, alikujibu bila kutabasamu: "Ninamufulia Bwana."

Kufua kwenyewe kulikuwa na utaratibu. Kile kitambaa cha mraba kinachotandikwa chini ya kikombe na sahani ya Ekaristi kiliweza kubaki na chembe ambayo jicho haliioni. Kwa hiyo kwanza kililowekwa katika maji matupu, bila sabuni, na maji hayo ya kwanza yalirudishwa ardhini, mahali safi ambapo miguu ya watu haipiti. Baada ya hapo tu ndipo sabuni ilipoingia, kisha wanga wa muhogo, kisha pasi ya makaa. Kanyere akiwa mdogo alifuatana na mama yake hadi nyuma ya kanisa la zamani, chini ya mti wa avoka uliozungushiwa matofali, na hapo akafundishwa kuchuchumaa.

"Mama, hakuna kitu ndani. Ni maji tu," alisema siku moja.

"Kwa Mungu hakuna kitu kidogo, Kanyere. Chuchumaa, mwaga pole pole. Maji ya Bwana haitupwi sawa ya kuosha sufuria."

Kisha mama aliinamisha kichwa na kusema maneno yaleyale, kwa sauti ya mtu anayerudisha chungu alichoazima kwa jirani: "Bwana, chako tunakurudishia."

Mlima ulipopasuka, Januari ile ya mwaka elfu mbili na mbili, moto ulishuka ukala mtaa wao wa Murara, ukala kanisa, ukala na mti wa avoka. Waliporudi kutoka ng'ambo ya mpaka, walikuta mto mweusi uliosimama, wenye mawimbi ya jiwe, bado una joto chini ya kandambili. Wakajenga nyumba ya mbao juu ya jiwe hilohilo, kama walivyofanya wengine wote. Misa nayo ikaanza kusomwa chini ya shitingi, yale maturubai ya wakimbizi, na kabla mwezi haujaisha mama akaletewa vitambaa.

Kanyere alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu wakati huo, na hajasahau jinsi mama yake alivyotoka uani na beseni mikononi, akageuka kulia, akageuka kushoto, akasimama. Kila upande ni jiwe. Maji yakimwagwa juu ya jiwe yatateremka hadi barabarani, chini ya viatu vya watu na magurudumu ya pikipiki. Mama akarudi ndani, akalifunika beseni kwa sahani, akaliweka juu ya kabati. Likakaa huko, likingoja.

Siku ya soko alikuja Nyiramahirwe, mwanamke wa Kibumba aliyekuwa akiteremsha kabichi zake kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio ambayo mjini hapa hubeba kila kitu. Mtoto wake wa kiume ndiye aliyeshika usukani. Yeye alitembea nyuma, akishika kamba na kulalamika.

"Nisaidie, dada yangu," mama akamwambia. "Safari ijayo, uniletee udongo."

"Udongo? Watu wote wananiomba kabichi, wewe unaniomba udongo! Unataka kulima viazi juu ya jiwe?"

"Nataka pahali pa kumwaga maji ya altare."

Nyiramahirwe akafuta jasho kwa ncha ya kitenge. "Basi hiyo siwezi kukuchotea kando ya barabara. Nitachimba pale muzee wangu alikuwa anafungia ng'ombe. Udongo wa pale unanona. Lakini Bwana wako atavumilia harufu ya samadi?"

"Alizaliwa ndani yake. Atazoea."

Wote wawili wakacheka hadi wakashikana mabega, na Kanyere, aliyekuwa na kitabu cha sosholojia mapajani, akacheka pia, ingawa yeye aliwacheka wao wenyewe. Magunia ya udongo yalifika, meusi, yenye unyevu wa mlimani. Mama akauzungushia udongo mawe katika kona ya ua, akamwaga humo yale maji ya juu ya kabati, akapanda maua marefu meupe ambayo masista huyaita arum, na tangu siku hiyo kona ile haikukanyagwa hata na kuku.

Mambo hayo yote Kanyere aliyabeba bila kujua kwamba ameyabeba. Alimaliza masomo yake, akaolewa na Achille, akapata kazi katika ofisi ya shirika moja la misaada kule Himbi, ambako madirisha yanatazama ziwa na ambako hakuna aliyemwita Kanyere. Huko alikuwa Madame Micheline, kwa jina lake la ubatizo. Akaandika ripoti nzuri juu ya mateso ya watu. Achille alipougua, alisali rozari mpaka ncha za vidole zikawa ngumu. Achille akafa hata hivyo. Hakumtukana Mungu. Aliacha tu kumsemesha, kama jirani ambaye mmepishana naye njiani mara moja bila salamu, na mara ya pili aibu ikawa kubwa kuliko sababu. Jumapili moja alikuwa amechoka. Jumapili nyingine mvua ilinyesha. Baadaye hakuhitaji tena kisingizio.

Mama hakumkaripia. Kila Kanyere alipokuja kusalimia, alimkuta mama ameinama kwenye kona yake, na mama alimwambia tu, "Karibu, Kanyere. Ngoja nimalize na Huyu." Kisha akaja mwaka ambao hakukuwa na wa kusema hivyo tena. Na mji ulipobadilisha wakubwa kwa vita, ofisi ya Himbi nayo ikafunga milango, na Madame Micheline akarudi kuishi katika nyumba ya mbao ya Murara, peke yake, pamoja na beseni kwenye msumari wake. Kona ya mama ilikuwa imeota magugu. Nyiramahirwe hakushuka tena sokoni. Vita vilikuwa vimepita Kibumba, na hakuna aliyejua vilimsukumia wapi.

Alasiri ya Jumapili ya Matawi, mtu alibisha langoni.

"Hodi, Mama Micheline! Uko unajificha?"

Alikuwa Mama Clarisse, kiongozi wa jumuiya ndogo ya sala ya mtaa, mwanamke mnene mwenye sauti ya mnadi.

"Nitajificha wapi, Mama Clarisse, na wewe unaona kupita ukuta? Karibu."

"Sikae. Fungua mikono." Akamwekea kifurushi kilichofungwa kwa taulo jeupe. "Mama mwenye kufua ameenda Butembo kwa matanga. Alhamisi Kuu hii hapa inakuja. Padri aliuliza nani, nikamwambia: mutoto wa Masika yuko."

Kanyere alikijua kifurushi kile kwa uzito wake. "Mama Clarisse, tangu tuzike Achille, mimi siingiake kanisani."

"Tuliona. Tuko na macho."

"Basi tafuta mutu anayesali."

"Sikukuomba usali, mama. Nimekuomba ufue." Alikuwa amekwisha kugeuka, langoni akasimama. "Maji ya kwanza, unajua?"

"Najua," Kanyere akajibu, kwa ukali uliomshangaza mwenyewe.

Usiku huo alijihakikishia kwamba jambo lenyewe ni dogo: pamba, maji, pasi. Angelifanya vizuri, kwa heshima ya mama yake, kisha angerudisha kifurushi na deni la adabu lingekuwa limeisha.

Asubuhi yake akafika fundi Havugimana na koleo lake. Walikuwa wameelewana tangu wiki iliyopita: amjengee msingi wa simiti wa kuweka tanki la maji ya mvua. Mahali palipofaa, chini ya mfereji wa bati, palikuwa pale tu, kwenye ile kona.

"Mama, hii udongo naitupa wapi?"

"Beba, kama unaitaka," Kanyere akasema akiwa mlangoni, mawazo yake yakiwa kwenye vitambaa.

"Kweli? Bibi yangu, mama ya watoto wangu, anajaribu kulima juu ya jiwe tupu kule Lac Vert. Akiona hii, leo atanipikia nyama!"

Kanyere akacheka, akaingia ndani. Akateremsha beseni, akamimina maji, akakilaza kile kitambaa cha mraba kama alivyofundishwa, uso juu. Harufu ya pamba iliyolowa ikapanda, pamoja na harufu hafifu ya ubani, na mara akawa na miaka saba nyuma ya kanisa la zamani, magoti yake madogo karibu na magoti ya mama, avoka zikining'inia juu yao. Alingoja kwa muda uleule mama aliokuwa akingoja. Akakitoa kitambaa, akakikamua kwa vidole viwili, akanyanyua beseni na kutoka uani.

Kona ilikuwa tupu. Fundi alikuwa amefagia mpaka chini kabisa, na jiwe la mwaka ule liling'aa jeusi kana kwamba limeshuka jana. Maua yalikuwa yametupwa kando, mizizi juu. Kanyere akageuka kulia, akageuka kushoto, akasimama.

Mfereji wa maji machafu ulikuwa hatua chache tu mbele yake. Hakuna ambaye angejua. Mama Clarisse asingejua, padri asingejua, mama mwenyewe alikuwa amelala kaburini. Alisogea kuelekea mferejini na mikono ikakataa kuinamisha beseni. Alijaribu kuicheka mikono yake, na kicheko hakikuja. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa Mmoja. Na hapo akaona, kwa woga na kwa namna ya faraja pia, kwamba miaka hiyo yote hakuwa ameacha kuamini kuwa Mmoja huyo anaona. Alikuwa ameacha salamu tu. Woga wenyewe haukuwa ule wa mtoto na fimbo. Ulikuwa woga wa mtu aliyebeba kitu kisicho chake.

Nje ya lango, gurudumu la mbao lililia.

"Fundi! Papa Havugimana! Ngoja!"

Hakuweza kukimbia, kwa maana maji yangemwagika. Alitembea kama mtu aliyebeba mtoto mchanga aliyelala, huku akipiga kelele kama anayeibiwa, na majirani wakachungulia. Havugimana alikuwa ameegemea chukudu, magunia yakiwa yamefungwa tayari.

"Rudisha udongo."

"Mama! Ulishanipatia! Nimeshampigia bibi simu, anatafuta mbegu!"

"Nilikosea. Ule udongo haukuwa wangu wa kutoa."

"Ni wa nani basi?"

Kanyere alitafuta jibu ambalo Madame Micheline angeweza kulisema bila haya, akalikosa. "Ni wa Mungu," akasema. "Mama yangu aliuomba Kibumba kwa ajili ya maji ya altare. Haya hapa, nayashika, na sina pa kuyaweka."

Havugimana aliangalia beseni, akaangalia magunia, akavua kofia yake, akajikuna kichwa, akaivaa tena. "Na tanki?"

"Litakaa mbele, karibu na dirisha."

"Litaziba mwanga wa sebule."

"Lizibe."

"Na bibi yangu nitamwambia nini?"

"Mwambie aje kesho. Nitamgawia maua, na mimi mwenyewe nitamtafutia udongo mwingine."

"Aa, mama. Maua hailiwake," alinung'unika fundi, lakini alikuwa ameanza kufungua kamba.

Alirudisha magunia moja baada ya jingine, na muda wote huo Kanyere alisimama na beseni, kwa kuwa hakuona mahali panapostahili kuliweka. Udongo ulipotandazwa, akachuchumaa kama zamani. Magoti hayakuwa tena ya miaka saba. Yakamwangusha chini, na changarawe za jiwe zikamchoma. Akamwaga pole pole. Udongo ukayanywa maji bila sauti, na harufu ya zizi la kale ikapanda ikampiga puani, ya samadi, ya mvua ya mlimani, ya mwanamke anayecheka kando ya kabichi zake.

"Bwana, chako tunakurudishia," mdomo wake ukasema, peke yake, kabla hajauruhusu.

Alibaki pale. Maji yalikuwa yamekwisha na sala ya mama nayo imekwisha, na bado kulikuwa na nafasi ya neno moja. Alilitafuta kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutafuta neno katika ripoti yoyote.

"Na mimi pia," akasema.

Siku ya Jumatano alikipeleka kifurushi parokiani, vitambaa vikiwa vimekunjwa kwa ndani, kama mama alivyokuwa akivikunja. Waumini walikuwa wamepanga mstari mrefu kando ya ukuta, wakingoja kitubio cha Pasaka. Mama Clarisse alipokea kifurushi, akainua ncha ya taulo, akanusa.

"Wanga wa Masika kabisa," alisema. Kisha akamtazama usoni. "Umeleta nguo tu, ao umejileta na mwenyewe?"

"Mstari unaishia wapi?" Kanyere akauliza.

Mama Clarisse alinyoosha mkono kuonyesha mahali. Kanyere akaenda akasimama nyuma ya watu wote, bila uhakika wa maneno atakayoanza nayo, akiwa na udongo mweusi ambao sabuni haikuweza kuuondoa chini ya kucha zake.