Mstari wa Penseli Machochwe

Niliondoka Nyamisangura, Tarime, kwa sababu ya habari niliyoisikia dukani: Machochwe itajengwa kambi ya wageni wanaokuja kutazama wanyama, na wanatafutwa watu wa kuwaonyesha njia. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini njia nazijua. Tena nilitaka kumwona mtu anayesafiri mwezi mzima ili amtazame nyumbu.

Siku ya pili nilivuka Mto Mara kwa mtumbwi, nikalala Kisaka. Mwenye nyumba alinipa togwa, akaniuliza niendako.

"Kwanza watakuomba uwaonyeshe maji," alisema. "Baadaye watakuuliza unafanya nini hapo majini."

Siku ya nne nilifika Machochwe kwa mjomba wangu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja mwenyewe au umetumwa?"

Nilimwambia nimekuja kutafuta kazi. Alinitazama sana kabla ya kunipa kigoda.

Asubuhi yake palikuwa na mkutano. Mpimaji wa kambi, Mzungu, alitandaza ramani juu ya boneti ya gari. Karani wake alieleza kwamba wageni watanunua maziwa yetu, na chemchemi ambako ng'ombe hunywa wakati wa kiangazi itabaki yetu. Wazee wawaonyeshe tu mahali wanyama wanapokunywa.

Nilipita nyuma ya karani nikachungulia ramani.

"Mbona chemchemi iko upande wa wageni?" nikauliza.

"Huo ni mstari wa penseli," karani akajibu. "Unafutika."

Mjomba akasogea. "Basi ufute, mwanangu, tukiona."

Karani akamtazama mpimaji, kisha akasema kifutio kimebaki Musoma.

"Na macho yetu yamebaki nyumbani," mzee mmoja akasema. "Wanyama wanakunywa wapi, hatujui."

Watu wakacheka, wakatawanyika. Karani akanivuta kando.

"Wewe hufugi hapa. Panda gari, utuonyeshe maji. Kazi ni yako."

Ndiyo kazi niliyoifuata siku nne. Mjomba alikuwa akitusikiliza huku amegeuza uso. Nikamwambia karani mimi ni mgeni tu.

Kwa siku mbili tuliona gari lao likizunguka nyikani bila mwongozaji, kisha likaondoka.

Siku ya kurudi Tarime nilipita chemchemini kuaga. Mvua ilikuwa haijakatika, maji yamejaa kila bonde, lakini mjomba alikuwa amepeleka ng'ombe wake wote pale.

Nilijifunza kwamba nyika inaweza kuwa nzuri kuliko zote, na bado mgeni asione kitu, kama wenyeji wamefichwa ukweli wa ramani. Kama mstari ule ulifutwa, sijui. Mjomba naye hakuwa akingoja kujua.

"Wakirudi," aliniambia, "nataka wakute alama za kwato hapa."